Fundi Anajibu: Eko, Kawaida au Spoti kwenye dizeli otomatiki?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la dizeli, injini ya lita 2.0, gia otomatiki sita. Kando ya D kuna M yenye alama za kujumlisha na kutoa, na kuna kitufe cha Eko, Kawaida na Spoti. Mume wangu anasema niliache kwenye Eko siku zote ili kubana mafuta. Kazini kwangu ni kilomita nne tu kutoka nyumbani. Njiani kuna kilima, na nikikipanda kwenye Eko gari linanguruma chini kwa chini na kutetemeka. Wiki iliyopita iliwaka taa ya njano ya chujio la moshi. Tena juzi tuliteremka mlima mrefu, watu watano na mizigo yetu, breki zikaanza kunuka. Nitumie modi ipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hapo kuna maswali matatu, na hilo la breki ndilo lililonishtua. Nitalikalia zaidi, lakini tuanze na kitufe.

Kwa magari mengi ya kawaida, kitufe hicho hakiongezi wala hakipunguzi nguvu ya injini. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, nguvu utakayopata ni ileile. Kinachobadilika ni wakati wa gia kuingia, na jinsi akseleta inavyoitikia mguu wako. Eko inapandisha gia mapema na inataka ukanyage zaidi ndipo ipangue, yaani irudi gia ya chini. Spoti inaishikilia gia ya chini muda mrefu na inapangua haraka. Kawaida iko katikati.

Sasa tazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Injini ya petroli inaweza kufika mizunguko 6,000 kwa dakika na zaidi. Dizeli ya gari dogo huanza kuishiwa pumzi karibu na 4,000. Nguvu yake ya kuvuta iko chini, kwa injini nyingi zenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) ni kati ya 1,500 na 2,500. Ndiyo maana kwenye tambarare Spoti haikupi kitu cha maana: unasikia kelele, mafuta yanakwenda, na sehemu tamu ya injini umeshaipita. Hapo shemeji ana haki. Barabara ikiwa tambarare na gari likiwa jepesi, Eko inatosha kabisa.

Ila kile kilima chako ni habari nyingine. Mngurumo unaousikia ni injini inayobebeshwa mzigo ikiwa kwenye mizunguko michache mno, pengine 1,200, katika gia kubwa. Turbo bado haijapata moshi wa kutosha kuizungusha, kwa hiyo hewa ni kidogo, na dizeli inayounguzwa kwa hewa kidogo hutoa masizi. Kompyuta ingepangua gia kama ungekanyaga kwa nguvu, lakini wewe unakanyaga kwa upole ukidhani unaihurumia injini, nayo inazidi kung'ang'ania gia ileile. Kesho weka sarafu kwenye kile kisahani cha plastiki karibu na lever ya gia. Panda kilima kwenye Eko, uisikilize inavyotetema. Keshokutwa panda kwenye Kawaida, au uhamie M, ambapo gia unaichagua mwenyewe, na upangue gia moja kabla mlima haujaanza, mshale ukae karibu na 1,800. Sarafu itanyamaza. Huo ndio mpaka wa Eko kwenye gari lako, na hutausoma kwenye kitufe.

Kuhusu taa ya njano, modi ina sehemu yake lakini mkosaji mkubwa ni zile kilomita nne. Chujio hukamata masizi, kisha gari huyachoma lenyewe kwa kunyunyiza dizeli ya ziada hadi joto ndani ya chujio lifike karibu nyuzi 600. Kazi hiyo inahitaji injini iliyopata moto na mwendo usiokatikatika kwa dakika kumi hadi ishirini. Wewe unafika kazini injini ndiyo kwanza inaanza kuchangamka, unazima. Fungua kitabu cha gari usome kinavyoelekeza kuhusu taa hiyo. Kwa kawaida dawa ni kutafuta barabara iliyo wazi na kwenda kwa mwendo wa kutulia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, mshale ukiwa juu kidogo ya 2,000. Hapa ndipo Spoti inapokufaa, au M kwenye gia moja chini ya ile ambayo D ingechagua, kwa sababu Eko itaurudisha mshale chini na kulipooza bomba la moshi. Taa ikianza kumweta, au gari likikosa nguvu, usiendelee kujaribu, lipeleke gereji. Na kabla ya hayo yote chomoa kijiti cha oili. Uchomaji ukikatizwa mara nyingi, ile dizeli ya ziada hushuka na kuchanganyika na oili. Ukikuta oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli, imwage, uweke mpya.

Sasa breki. Nilipokuwa bado kijana katika udereva niliteremsha gari la dizeli otomatiki lililokuwa linavuta trela dogo la matofali. Niliacha D, mguu juu ya breki muda wote, nikijiona mwangalifu. Kwanza ilikuja harufu, kali, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Halafu pedali ikawa laini. Kila nikikanyaga inazama zaidi, na gari halipungui. Nilivuta lever hadi L, yaani gia ya chini, injini ikapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia, na gari likaanza kurudi mikononi mwangu. Niliposimama mvua ilikuwa inanyunya, na kila tone lililogusa rimu ya mbele lilichemka na kupotea. Nilikaa pembeni zaidi ya saa moja kabla ya kuthubutu kuendelea.

Sikujua wakati ule kwamba dizeli haizuii mwendo sawa na petroli. Kwenye petroli, ukiachia akseleta, kipepeo cha hewa (kilango kinachopitisha hewa kuingia kwenye injini) hufunga na injini inahangaika kuvuta pumzi. Hali hiyo ndiyo inayolishika gari. Dizeli nyingi huacha hewa ipite, pistoni inaikandamiza, kisha hewa ileile inaisukuma pistoni irudi. Kwa hiyo kwenye gia kubwa dizeli inateremka karibu kama iko huru. Ili ilishike gari, lazima uipangue zaidi kuliko ulivyozoea.

Eko, Kawaida na Spoti hazikutoshi kwenye mteremko mrefu. Hamia M ukiwa bado juu kileleni, kabla gari halijashika kasi, upangue hadi gia ya tatu, au ya pili kama ni mkali. Mshale utapanda hadi 3,000 au 3,500, na kelele itakutia wasiwasi. Usiogope. Mradi hujafika eneo jekundu, injini haiumii, na kwa wakati huo haichomi mafuta. Breki kanyaga kwa uthabiti ukipunguza mwendo, kisha achia kabisa zipate upepo. Usiulaze mguu juu yake. Na kwa kuwa zimeshanuka mara moja, mwombe fundi wako azikague pedi na apime maji ya breki. Maji yaliyozeeka hufyonza unyevu na huchemka mapema, na pedali inapozama namna ile mara nyingi chanzo huwa hicho.

SWALI: Kaka yangu anateremka akiwa ameweka N, yaani gari halimo kwenye gia, anasema anaokoa mafuta. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na naomba umwambie leo. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye akseleta, kompyuta hukata mafuta kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka N, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike, na gari linabaki linashikwa na breki peke yake. Kuna magari yanayojiachia yenyewe kwenye Eko ili yaserereke, lakini kompyuta ndiyo inayoamua na inarudisha gia mara moja ukigusa breki. Mkono wa kaka yako hauna kasi hiyo.