Uandikishaji kuzidi asilimia 100

Kaka, umeuliza wilaya ya kijijini inafikaje asilimia 100 na ushee ya uandikishaji wa shule ya msingi wakati watu wazima wengi waliishia darasa la saba. Hicho ni kiwango cha jumla: wanahesabiwa wote walio darasani, hata wa miaka 14 au 15 waliochelewa kuanza, halafu wanagawanywa kwa idadi ya watoto wa miaka 7 hadi 13 tu. Tafuta uandikishaji halisi, unaohesabu wa umri huo tu. Na hao watu wazima walisoma kabla shule za sekondari za kata hazijaenea. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa 2016 tu. Sisi wa Dar sekondari ni kupanda daladala. Kule kijijini shule iko mbali, mtoto anapanga geto, yaani chumba karibu na shule.