Kurudia msimbo si kosa kila mara

Mdogo wangu, umesema bosi amekataza kurudia msimbo, yaani kuandika maagizo yaleyale ya programu mara mbili, ndiyo maana ukaunganisha hesabu ya risiti za duka la Kariakoo na la Unguja kwenye fankisheni moja (kipande cha programu kinachofanya kazi moja), na sasa ukigusa huku kunaharibika kule. Zitenganishe.

Kinachokatazwa ni kanuni moja kuandikwa sehemu mbili, si mistari kufanana. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya Bara iko chini ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kiwango cha kawaida asilimia 18. Ya Zanzibar iko chini ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, asilimia 15. Hizo ni sheria mbili, na kila moja hubadilika kwa wakati wake. Ukizifunga pamoja, kila badiliko linakulazimisha kuongeza kigezo kingine cha ndiyo au hapana, mpaka hata aliyeiandika fankisheni haielewi tena.

Kwanza chukua risiti halisi za maduka yote mawili, uzifanye kuwa majaribio ya kuhakiki kwamba programu bado inatoa hesabu ileile. Halafu inakili fankisheni, na kila upande ufute yasiyouhusu. Kukadiria senti kuwa shilingi nzima kuache pamoja, maana hilo likibadilika litabadilika kote. Bosi akihoji, mwonyeshe badiliko la mwisho liligusa mistari mingapi ya duka lisilohusika.