Barua kwa mwanangu: Krismasi hii msipande kuja nyumbani

Marangu, Kilimanjaro, tarehe 1 Desemba

Mwanangu, Baba Aika,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza peke yangu uani, mara ya pili mama yako akiwa ameninyang'anya simu. Uliutuma saa nane usiku, na saa yenyewe ilinieleza mengi kabla hujafungua mdomo.

Umeuliza: "Baba, nitapangaje Krismasi hii tuje nyumbani na mtoto, mama yake asiumie, ukoo usinune, na sisi wenyewe tuifurahie?" Halafu ukatuma picha ya karatasi yenye mambo 31 ya kufanya. Nimeyahesabu. Mtu aliyekuwa karani wa ghala miaka 26 akiona orodha huihesabu kwanza, ndipo aisome.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu ungenikatiza kwenye sentensi inayofuata. Msije.

Najua uzito wa neno hilo. Mzee wa Kichagga kumwambia mwanawe asipande Krismasi! Watu watadhani tumegombana kuhusu kihamba, shamba letu la ukoo. Lakini nisikilize, maana nina deni la zamani na naona njia ya kulipunguza.

Desemba 1992 ulikuwa na wiki saba. Tulikuwa tunakaa Dar, na mimi nilitaka kufika hapa kifua mbele: kijana ana kazi, ana mke, ana mtoto wa kiume. Tulipanda basi tarehe 23. Ni kama kilomita 550 hadi Moshi, na basi letu lilikufa kabla ya Mombo, jua likiwa utosini. Wanaume wote tulishuka tukaizunguka injini, kana kwamba macho yetu ndiyo yangeitengeneza. Mama yako alibaki ndani na wewe kwa kuwa nje hapakuwa na kivuli. Akapita kijana anauza mahindi ya kuchoma. Nikanunua moja, nikala lote. Hadi leo hindi la kuchoma likiletwa hapa nyumbani, ananitazama kwanza, ndipo anamega.

Tulifika Himo usiku, tukapanda huku na pikapu, mama yako amekufunika kwa kanga mbili na sweta langu, maana unatoka kwenye joto la Dar ukifika huku usiku unakuta baridi inayong'ata. Siku ya Krismasi walikuja wageni kama arobaini. Mimi nilikaa chini ya mparachichi na baba zangu wadogo, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, nakupokea ukiletwa nikuonyeshe, nakurudisha ukilia. Mama yako alikuwa anapakua, anaosha vyombo, ananyonyesha amesimama. Kuna wakati nilipita jikoni nikaona machozi yanamtiririka. Nilidhani ni moshi.

Jioni bibi yako, Mungu amrehemu, aliniita nyuma ya nyumba. Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Umeniletea mzazi, au umeniletea mtumishi?"

Usiku ule alinisimulia jambo ambalo nililichukulia kama hadithi za wazee, nikalielewa miaka mingi baadaye. Zamani huku mlimani mwanamke akijifungua alikaa ndani miezi mitatu. Hapiki, hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe. Kazi yake ni kulala, kunyonyesha, na kula alichopikiwa. Miezi mitatu ikitimia, alipambwa kwa shanga, akashikishwa fimbo kama ya wazee, akatolewa kwenda sokoni huku akiimbiwa nyimbo walizokuwa wakiimbiwa askari waliorudi vitani. Unaona walivyokuwa wanaihesabu kazi ya kuzaa.

Sasa piga hesabu. Wamisionari walianza kujenga Kilema na Machame miaka ya 1890. Krismasi, kwa mlima huu, ni mgeni wa juzi tu; mzazi kukaa ndani ni desturi ambayo mgeni huyo aliikuta nyumbani. Na hili la kujaza mabasi kila Desemba ni changa zaidi, limetokana na sisi kutawanyika kutafuta shule, biashara na mishahara baada ya vihamba kugawanywa mpaka vikabaki vipande. Ni desturi nzuri, naipenda, mwaka mzima naisubiri. Lakini atakayekuambia kwamba kumwacha mzazi apumzike ni mambo ya kizungu, mlete kwangu.

Aika alizaliwa tarehe 16 Oktoba. Siku ya Krismasi atakuwa ametimiza wiki kumi kamili, yaani miezi mitatu bado haijatimia. Tena kuna jambo ambalo kwenye orodha yako ya mambo 31 silioni: wiki ya kumi ndiyo kliniki ya pili ya chanjo. Itaangukia sikukuu yenyewe, na kesho yake ni sikukuu pia. Wiki hii nenda na kadi, muulize muuguzi mtarudi siku gani ya kazi baada ya hapo. Chanjo hizo haziwahishwi, sharti wiki nne zitimie tangu zile za wiki ya sita, lakini kuchelewa siku chache hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni kuwa njiani, kadi imebaki kwenye droo, kisha kusema "tutaenda Januari."

Nimeipitia orodha kwa kalamu nyekundu. Usiudhike. Namba 1 hadi 6, tiketi na mizigo, zimeondoka zenyewe. Namba 9, ubatizo tarehe 26 na sherehe ya watu themanini: nimeongea na mzee wa kanisa hapa usharikani, tutapanga Pasaka. Wakati huo mtoto atakuwa na shingo imara, chanjo za wiki ya 14 zimepita, na mama yake ataifurahia keki ya mwanawe badala ya kuitazama tu. Namba 14 hadi 19, zawadi: kanga kwa shangazi watano, blanketi, sukari, mchele. Tuma mchango wako wa ng'ombe, hiyo ni heshima na sehemu yako ya nyama itatajwa mbele ya watu. Kanga za shangazi zitakuja na wewe Pasaka. Hizo hela nyingine ziweke. Ulisema mwenyewe kodi ya nyumba ya miezi sita inadaiwa Januari, na mwenye nyumba hapokei blanketi. Namba 22, sare ya familia ya kushonesha kwa ajili ya picha, sikuielewa. Mtoto wa wiki kumi atatapikia sare kabla mpiga picha hajasema tayari. Pigeni picha moja mkiwa mmevaa mlichovaa, mtutumie.

Yaliyobaki ni machache, na ni ya kwako, siyo ya Mama Aika. Nunua umeme wa luku wa kutosha mapema, hakikisha mtungi wa gesi umejaa, jaza madumu ya maji, nunua nepi za wiki mbili. Fanya hayo kabla ya tarehe 20, maana baada ya hapo kila mtu Kimara na Mbezi atakuwa kwenye foleni hiyohiyo. Siku ya Krismasi pika pilau sufuria moja. Unajua kuipika, chuoni ulikuwa unajisifia. Wageni waambie mapema: tarehe 26, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, chai na vitumbua vya kununua. Mwenye mafua abaki kwake. Anayetaka kumbeba mtoto anawe mikono kwanza, hata akiwa bosi wako. Na joto la Dar likizidi, asije mtu na busara ya kumpa mtoto kijiko cha maji. Hadi miezi sita ni ziwa la mama tu; kukiwa na joto ananyonya mara nyingi zaidi. Joto la nje ni jambo moja, homa ni jingine: mkimkuta anachemka mwilini, au amelegea hataki kunyonya, hiyo si ya kusubiri sikukuu iishe, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Nakuja kwenye usingizi, ambao kwenye karatasi yako haupo kabisa. Ghalani tulikuwa na daftari la kuingia na kutoka, na kinachotoka bila kuingia siku moja kinakuletea mkaguzi. Mkeo anatoa usingizi kila usiku. Nani anauingiza? Zile siku tatu za likizo ya baba ulizimaliza zamani, najua, asubuhi unatakiwa kazini. Lakini kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku zamu iwe yako. Yeye amnyonyeshe, alale chumbani. Wewe kaa na mtoto sebuleni, mpigepige mgongoni mpaka acheue, mbadilishe nepi, tembea naye. Akililia ziwa mpeleke, akishiba mchukue tena. Saa sita mbadilishane. Jaribuni siku tatu, kisha unitumie ujumbe mwingine, nione kama bado utakuwa wa saa nane.

Umeniuliza pia kuhusu furaha, na hapo umenigusa, kwa sababu ulisema Mama Aika "hachangamki kama zamani." Usimlazimishe kuchangamka kwa kuwa ni Desemba. Muulize, kisha unyamaze umsikilize. Akisema amechoka tu, dawa ni hiyo zamu. Lakini ukiona huzuni imepita wiki mbili, au mtoto amelala na yeye bado hapati usingizi, au anasema hafai, au hataki kumshika mtoto, mpeleke kliniki na useme hivyohivyo kwa muuguzi bila kupamba. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unatibika, na siyo uvivu wala laana. Akitamka kwamba anatamani kufa au anaogopa atamdhuru mtoto, usimwache peke yake hata dakika moja, nendeni hospitali siku ileile. Mimi moshi wangu wa mwaka 1992 niliuamini kwa muda mrefu mno.

Juzi nilimuuliza mama yako, katika Krismasi ile kuna chochote anachokikumbuka kwa raha? Nilitegemea aseme hakuna. Akasema kipo. Tarehe 26 asubuhi bibi yako alimfukuza jikoni, akamkalisha barazani na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, alioutia siagi, akakuweka mapajani mwake. Ukapiga chafya. Chafya yako mwenyewe ikakushtua, ukatoa macho kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Alicheka mpaka mtori ukamwagika. Mimi sikuwepo, nilikuwa bado nimelala kwa sababu ya mbege. Katika safari nzima ile, wageni arobaini na mbuzi wawili, kilichobaki naye miaka yote hii ni chafya, na mimi nimekuja kuisikia juzi.

Ukoo niachie. Tarehe 25 baada ya ibada nitasimama kabla nyama haijagawanywa, niseme kwamba ni mimi niliyewakataza. Baba yako mkubwa atanuna, hununa kila mwaka, mwaka jana ilikuwa kwa ajili ya viti. Ukipigiwa simu na shangazi yeyote, jibu ni moja: "Baba amekataa." Usiongeze maelezo, maana ukieleza watajadili. Na kwao Mama Aika vilevile. Bibi wa Iringa alikaa nanyi mwezi mzima, mpigieni nyinyi kwanza asubuhi ya Krismasi kabla ya kutupigia sisi.

Mama yako anashuka tarehe 15. Ameshakata shauri, mimi nimejulishwa tu. Anakuja na mkungu wa ndizi mshare, siagi, na maharage ambayo nimemwambia Dar yapo, hakusikia. Atapika mtori, atamwogesha mtoto, na atakukosoa unavyofunga nepi. Vumilia. Atakaa mpaka ya pili Januari. Mimi nitabaki na ng'ombe, na nitakula kwa baba yako mdogo.

Basi lake litaingia stendi ya Magufuli jioni. Nenda mapema, usimwambie achukue bajaji. Na nenda na mtu wa kukusaidia kubeba, mkungu wenyewe nimeuona.

Msalimie Mama Aika. Mwambie baba mkwe wake amesema alale.

Ni mimi baba yako.

Tena: mama yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema wageni hawakuwa arobaini, walikuwa sitini na mbili, na kwamba hindi lile sikula lote, nilimletea gunzi nimuulize pa kulitupa.