Heta ya bafuni Dodoma: anza na maji, umeme baadaye

Fundi anayeanza, akiitwa Ilazo au Nkuhungu kuangalia heta ya papo hapo (ile ya shawa inayopasha maji yakiwa yanapita) ambayo "imekufa", kitu cha kwanza kushika ni tester. Wewe shika ndoo. Maji mengi ya Dodoma hutoka chini ya ardhi, ya visima vya mji vya Mzakwe pamoja na ya visima vya watu binafsi, na huja na kalsiamu na magnesiamu. Yakipashwa moto, kalsiamu inaganda na kuwa chokaa: inaziba matundu ya shawa, inakakamaza mpira, inavika koili (waya unaopasha maji) koti. Mara nyingi umeme ukija kugoma, maji yameshabanwa siku nyingi.

Zima heta, fungua bomba, kinga maji ya shawa kwenye ndoo ya lita 10 huku ukitazama saa ya simu. Ikijaa kwa dakika 3 na sekunde 20, hizo ni lita 3 kwa dakika, na heta ya wati 5,500 itapandisha joto la maji kwa nyuzi 26 hivi. Ikijaa kwa dakika 2, joto litapanda nyuzi 16 tu. Mteja wa namna hiyo hulalamika asubuhi za Julai kwamba heta haichemshi, kumbe haina ubovu wowote. Mpunguzie maji, basi. Ikipita dakika 5, tatizo ni mtiririko. Ndani ya heta hizi kuna mpira unaosukumwa na maji ili ukutanishe kontakti, yaani vipande vya chuma vinavyopitisha umeme vikigusana. Maji yakiwa dhaifu, kontakti hazigusani, au zinagusana kwa kusitasita na kuungua.

Kabla hujalaumu chokaa, tazama tenki. Kila mita 1 ya urefu juu ya shawa inakupa takriban bar 0.1 ya presha. Heta nyingi huja na kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza presha, kinachowekwa kwenye mdomo wa kuingilia maji. Nyumba inayotumia tenki la juu, kitoe. Ya pampu, kiache. Safisha na chujio, maana baada ya mgao bomba huleta mchanga na kutu.

Sasa fungua. Zima breka, hakikisha kwa tester kwamba laini haina moto, ndipo uondoe uso wa shawa na kifuniko. Dondoshea siki kwenye ule ukoko mweupe: ukitoa povu, ni chokaa. Changanya gramu 50 za asidi ya sitriki (vijiko vya chakula vitatu na kidogo) kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, loweka uso wa shawa na chemba kwa saa 1, suuza, rudia kama bado. Siki nyeupe inafaa pia, ila ni ya polepole. Usichanganye na Jiki, gesi yake inaumiza mapafu. Asidi ya betri usiiguse kabisa: ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, ambayo haiyeyuki kirahisi, na unabaki na ukoko mbaya kuliko ule wa mwanzo.

Koili usiikwangue kwa kisu. Mkwaruzo mmoja unapunguza unene wa waya, na hapo ndipo utakapokatikia. Loweka tu, kisha piga brashi laini ya meno. Mpira ukiwa mgumu au una kitundu, badilisha. Usiupake grisi ya gari, unavimba. Kontakti nyeusi zisugue kwa msasa laini, zilizochimbika weka mpya.

Kama koili imekatika, kabla ya kununua soma wati na volti za heta yenyewe. Koili ya wati 5,500 kwa volti 220 inapimwa takriban omu 8.8 (gusanisha kwanza nyaya za mita ya kupimia, utoe kile zinachosoma zenyewe). Ukisoma omu 3, hiyo ni ya volti 127. Rudisha dukani. Kwa umeme wetu itavuta zaidi ya ampea 70.

Kuna ugonjwa mwingine unaochanganywa na huu. Maji yenye chumvi nyingi yanapitisha umeme, na koili iliyo wazi inavujisha ndani yake hata kama ni mpya na safi. Dalili ni RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) kuruka mara tu heta inapowaka, au mteja kuhisi mtetemo akishika bomba. Hapo kusafisha hakusaidii. Weka heta ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa kwa bomba la chuma. Nayo itashika chokaa, kwa hiyo ratiba ya kuloweka inabaki palepale. Wapo mafundi wanaokata ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) ili breka itulie. Huo ni uuaji, tusizungushe maneno.

Waya usiwe chini ya milimita 4 za mraba kutoka kwenye breka ya ampea 32, na kama ni mbali weka 6. Kuchukua umeme wa heta kwenye soketi iliyo jirani ndiko kunakoyeyusha swichi nyingi. Kaza skrubu, zikilegea zinachemka.

Ukifunga, pitisha maji ya baridi mpaka hewa yote iishe, ndipo uwashe; koili ikiwaka bila maji inakatika ndani ya sekunde. Mwambie mwenye nyumba asibadili kitufe cha joto maji yakiwa yanatoka, na asiweke joto la juu kabisa bila sababu, kwani maji yakiwa moto zaidi chokaa nayo huganda zaidi. Uso wa shawa auloweke kila mwezi. Sumaku za kufunga kwenye bomba sisi hatuzipendekezi. Mwenye uwezo aweke mtungi wa kulainisha maji kwa chumvi kwenye bomba linaloingia nyumbani, na amwachie mtu kazi ya kuujaza chumvi.