Tumbili anapima, au ni silika tu?

Swali: Nafundisha bayolojia Kisauni. Tumbili wanaoingia shuleni kwetu wakikuta embe na ndizi, kwanza hukimbilia embe. Wakishashiba embe, wanaigeukia ndizi. Wanafunzi wangu wanauliza: mnyama huyu anapima, au ni silika tu? Na je, ni kweli kwamba dopamini, ile kemikali ya ubongo, ndiyo inayoamua?

Jibu: Mwalimu, anapima. Huko kugeuka kwake baada ya kushiba ndiko kunakotuonyesha anavyopima, kwani embe ni lilelile. Kilichobadilika ni thamani yake ndani ya ubongo wa mlaji.

Kuna jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote katika fani hii ya ubongo na uchaguzi. Lilichapishwa mwaka 2006 na Camillo Padoa-Schioppa na John Assad, wakiwa Harvard, nao walifanya kazi na kima wa rhesus, ndugu wa tumbili kutoka Asia. Kima ameketi mbele ya skrini. Kulia na kushoto inatokea miraba ya rangi: rangi ni aina ya juisi, idadi ya miraba ni kiasi atakachopewa. Anachagua kwa kupeleka macho upande anaoutaka, kisha juisi inamdondokea mdomoni. Tuseme anapenda juisi A. Kipimo kimoja cha A dhidi ya kimoja cha B, anachukua A. Kimoja kwa viwili, bado A. Kimoja kwa vitatu, mara anakwenda huku, mara kule. Kimoja kwa vinne, anahamia B. Kwa kima huyo, basi, A moja ni sawa na B tatu.

Wakati anachagua, elektrodi nyembamba, yaani waya wa kunasa ishara za umeme, ilikuwa ikirekodi seli mojamoja za neva katika gamba la ubongo lililo juu kidogo ya matundu ya macho. Baadhi ya seli zilifuata thamani ya juisi moja kadiri ilivyoongezwa au kupunguzwa. Nyingine zilionyesha tu ni juisi gani imechaguliwa. Lakini kundi linalonistaajabisha hadi leo ni lile lililofuata thamani ya kilichochaguliwa, kiwe A au B: A moja na B tatu ziliziamsha seli hizo kwa kiwango kilekile. Hazikujali juisi iko upande gani wa skrini wala jicho linaelekea wapi. Vitu viwili vyenye ladha tofauti vimewekwa kwenye mizani moja, na yote hayo ndani ya nusu sekunde hivi.

Mtu anaweza kuuliza kama seli hizo zinaamua kweli au zinafuata tu uamuzi uliofanyika kwingine. Mwaka 2020 kikundi cha Padoa-Schioppa, sasa kikiwa St. Louis, kilipitisha umeme hafifu sehemu hiyohiyo, na machaguo ya kima yakabadilika. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito.

Sasa shibe. Mwaka 2000 Mark Baxter, Elisabeth Murray na wenzao walichapisha jaribio ambamo kima walijifunza kwamba vitu fulani vimefunika chakula cha aina moja na vingine cha aina ya pili. Kisha waliwashibisha chakula kimojawapo. Kima wazima walianza kuviepuka vitu vilivyofunika chakula hicho. Waliokatiwa mawasiliano kati ya amigdala, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayohusika na hisia, na lile gamba la juu ya macho waliendelea kuvichagua kama kwamba hawajashiba. Kama ingekuwa silika tupu, au mazoea, hata wale wazima wasingebadilika.

Dopamini haiamui, inafundisha. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alionyesha kwamba kima akipata juisi asiyoitarajia, seli za dopamini hulipuka kwa ishara za umeme. Akishazoea kwamba ishara fulani hutangulia juisi, hulipuka kwenye ishara, si kwenye juisi. Juisi isipokuja, hunyamaza wakati uleule ilipotarajiwa. Tofauti hiyo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana ndiyo inayosahihisha thamani kwa ajili ya safari ijayo. Ndiyo sababu nakuomba msiwarushie tumbili chakula kwa ajili ya somo: kila zawadi ya ghafla inawafunza kwamba shule ni mahali pa kuvamia, na wanauma.

Jaribuni kwa wanafunzi wenyewe. Mpe mmoja achague kati ya kipande kimoja cha kashata na kokwa moja ya ubuyu, halafu mbili, halafu tatu, mpaka aanze kusita; andikeni namba hiyo. Mwache ale kashata mpaka atosheke, kisha rudieni maswali yaleyale kwa mpangilio uliochanganywa, asikariri majibu yake. Chora namba zote mbili ubaoni kwa kila mwanafunzi. Msipatwe na wasiwasi zikitofautiana kati ya mtoto na mtoto: kima wa maabara nao hawakuwa na bei moja.