Maswali Yenu: Amemaliza Miaka Mitatu Ughaibuni, Mbona Permiti Bado ni ya Muda?

Mwezi huu nimechukua barua tatu peke yake, juu hiyo ya kwanza kutoka Kisumu ni swali nasikia kwa familia nyingi sana hapa kwetu na inahitaji kujibiwa polepole.

Mwalimu, habari yako. Mimi ni baba wa watoto wawili, tunaishi Nyalenda hapa Kisumu. Mama watoto ni nasi, yaani muuguzi, alienda Ujerumani Machi 2022. Waliompeleka walituambia nasi akifanya kazi miaka mitatu anapewa makaratasi ya kudumu, kwa hivyo tulivumilia tukijua 2025 mambo itakuwa sawa. Ilipofika Machi 2025 akaenda kuuliza, ofisi ya uhamiaji ya huko ikamwambia angoje mpaka Julai 2026. Na kuna kaka mwingine wa kompyuta, mtu wa Kakamega, amefika huko nyuma yake na ameshapata! Tumefanya kosa gani? Pia mama yake mzazi ni mgonjwa huko Mumias, anataka kuja kumkalia hata miezi kadhaa. Na mimi na watoto tungoje hiyo permiti ya kudumu ndio tumfuate ama tuanze sasa? – Baba Wawili, Nyalenda

Ndugu yangu, pole kwa mgonjwa, na pole kwa hiyo kungoja. Hakuna kosa mmefanya, na ile ofisi pia haijamwonea. Shida ni kwamba waliompeleka waliwaambia nusu ya maneno.

Ni kweli Ujerumani nasi mwenye amesomea nyumbani anaweza kuomba permiti ya kudumu, inaitwa Niederlassungserlaubnis, baada ya miaka mitatu, zamani ilikuwa minne na wakapunguza 2024. Lakini hiyo mitatu haianzi siku ndege inatua. Inaanza siku amepewa permiti ya mtaalamu, na nasi anapewa hiyo permiti akishatambuliwa kama nasi kamili kwa sheria yao. Kabla ya hapo wengi wanaingia na permiti ya kutafuta kutambuliwa, wanafanya kazi wodini kama wasaidizi, wanavaa yunifomu, wanageuza wagonjwa usiku, lakini kwa karatasi bado wako njiani. Mwambie mama watoto atoe ile kadi yake ya permiti aangalie mahali pameandikwa Anmerkungen. Kama ilisema § 16d ule mwaka wa kwanza, basi ndio hiyo, huo mwaka hauingii kwa ile mitatu. Siku kadi ilibadilika ikawa § 18a ndio saa ilianza kuhesabu. Nikiangalia tarehe waliyompa, naona leseni yake na hiyo kadi mpya zilitoka Julai 2023, sivyo?

Sasa kinachochanganya watu zaidi ni kwamba kuna hesabu ya pili inatembea kando ya hii, ya pensheni. Lazima awe amechangia miezi 36 kwa mfuko wa pensheni, na hiyo ilianza tu mshahara wa kwanza, hata akiwa msaidizi, kwa sababu kila mwezi peislipu ilikatwa 9.3 kwa mia na mwajiri akaongeza kiasi hichohicho. Kwa hivyo Machi 2025 pensheni yake ilikuwa tayari imetimia lakini permiti bado, akaona kama ameibiwa mwaka, na kwa kweli alikuwa amemaliza upande mmoja tu. Aandikie Deutsche Rentenversicherung, ndio huo mfuko wa pensheni, wamtumie ile orodha ya miezi yake, inaitwa Versicherungsverlauf, ni bure, na aisome mstari kwa mstari, maana mwezi ukikosekana hapo ni rahisi kuutafuta sasa kuliko siku amebeba faili kwa ofisi.

Huyo kaka wa kompyuta ni njia nyingine kabisa. Yeye ana digrii na mshahara wa juu, kwa hivyo aliingia na Blue Card, permiti ya watu wa aina hiyo, na mwenye Blue Card anaweza kuomba baada ya miezi 27, ama 21 kama Kijerumani chake kimefika B1, ile ngazi ya katikati. Msimlinganishe naye, mtaumia roho bure. Na kuna wale vijana wetu wa Vihiga na Busia wanaenda kusomea unasi huko huko, hiyo Ausbildung ya miaka mitatu. Wao wakimaliza wanahitaji miaka miwili tu ya permiti ya mtaalamu na miezi 24 ya pensheni. Ukiongeza na ile ya masomo ni mitano, lakini ndugu akikuambia kwa simu "mimi nilingoja miwili" unaweza kudhani amepita mlango wa nyuma.

Hii miezi imebaki isiende bure. Anahitaji cheti cha B1, na kama ametambuliwa kama nasi najua lugha yake imepita hapo, lakini cheti chenyewe akiweke tayari. Kuna ule mtihani wa Leben in Deutschland, wa maisha na sheria za Ujerumani, maswali 33 kwa saa moja, yanatolewa kwa orodha ya maswali 310 ambayo iko wazi kwa kila mtu kusoma. Kwa permiti ya kudumu 15 sahihi zinatosha, kwa uraia ni 17, kwa hivyo alenge 17 na apite mara moja, asirudi tena baadaye. Halafu mkataba wa kazi unaoendelea, na nyumba yenye nafasi ya kutosha, na hii nyumba wengi wanaisahau, wamebanana chumba cha hosteli ya hospitali mpaka wiki ya kuomba.

Kuhusu mama mgonjwa, hapa nakuomba usikie vizuri. Akiwa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita permiti inakufa yenyewe, hata kama tarehe kwa kadi bado, na hata ile ya kudumu iko na hiyo hiyo miezi sita. Kama anaona atahitaji muda zaidi ya huo, aombe ofisi ruhusa ya muda mrefu KABLA hajapanda ndege, sheria inawaruhusu kumpa. Wiki chache akae na mama, aje bila wasiwasi, hiyo haiharibu chochote.

Swali lako la mwisho: msingoje. Permiti yake ya sasa inatosha kuitia familia, mkiwa na mshahara unaotosha. Ukweli ni kwamba kinachochelewesha watu wa huku sio Ujerumani, ni sisi na makaratasi yetu. Nakuuliza kama dada yako, mna cheti cha ndoa? Najua ayie ilipelekwa na ng'ombe zikafika Mumias na wazee wakala wakashiba, na hiyo ni ndoa kamili kwetu na hata kwa sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014, lakini sheria hiyo hiyo inataka ndoa ya kimila isajiliwe, na ubalozi utataka cheti, hautapigia wazee simu. Likizo hiyo anakuja kumwona mama ndiyo mwende wote wawili kwa msajili, msiache apande ndege tena kabla hamjamaliza. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viangalie leo, majina yafanane na ya kitambulisho chako na pasipoti yake, herufi kwa herufi, maana uhakiki wa vyeti unachukua muda na Achieng' yenye alama hapa na isiyo na alama pale inaweza kukurudisha nyuma. Na Kijerumani anza sasa, hata kile cha A1, ngazi ya mwanzo, utakihitaji siku ya kwanza dukani.

Ukifika huko, mwenzi wa nasi mwenye permiti ya kudumu ya mtaalamu anaweza kupata yake pia baada ya miaka mitatu ya kuishi na permiti, akiwa anafanya kazi angalau masaa 20 kwa wiki. Kwa hivyo kila mwaka unangoja Nyalenda ni mwaka wako pia haujaanza kuhesabiwa.

Mwalimu, mimi ni mama hapa Nakuru, Free Area. Kijana wangu alimaliza koleji Canada na sasa ako na ile permiti ya kazi ya baada ya masomo, anafanya kwa wearhausi, ghala, kupakia mizigo. Inaisha mwakani. Kuna ejenti hapa mjini anasema nikitoa 380,000 atamtafutia barua ya kazi yenye itampa pointi nyingi na PR, ukaazi wa kudumu, itoke. Nimeshaongea na chama tutoe hiyo pesa. Nifanye haraka? – Mama Kijana

Mama, usitoe. Hiyo pesa ya chama iache kwa chama.

Nakuambia hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza, pointi za barua ya kazi kwa Express Entry, ule mfumo wa Canada wa kuomba PR kwa pointi, zilifutwa tarehe 25 Machi 2025, hazipo, na moja ya sababu walizitoa ni kwamba watu walikuwa wanauziana hizo barua. Kwa hivyo anakuuzia kitu ambacho duka lenyewe lilishafungwa. Ya pili ndiyo inaniogopesha: barua ya uongo ikishikwa, kijana anafungiwa miaka mitano asiombe kitu Canada, na hapo hata hiyo permiti iliyobaki haitamsaidia. Ejenti atakuwa bado hapa mjini anauzia mama mwingine.

Sasa kijana mwenyewe. Hapa kwake shida ni karibu sawa na ya ndugu wa Nyalenda, anafanya kazi kwa bidii lakini kazi yenyewe haihesabiwi. Canada wamepanga kazi zote kwa ngazi wanaziita TEER, kutoka 0 hadi 5, na kwa ile njia ya uzoefu wa Canada wanahesabu 0 mpaka 3 peke yake. Kupakia mizigo iko 5. Anaweza kupakia miaka mitatu na asipate hata siku moja ya kuhesabiwa. Anachohitaji ni mwaka mmoja wa kazi ya ngazi hizo za juu, yaani masaa 1,560 ndani ya miaka mitatu ya mwisho, na hiyo permiti ya baada ya masomo hutolewa mara moja tu maishani, kwa hivyo kila wiki ina maana. Aangalie kazi ya kile alisomea, hata mshahara ukiwa chini kidogo ya ule wa usiku wa wearhausi. Ama aongee na bosi wake, usimamizi wa zamu ni ngazi nyingine, lakini iwe kazi ya kweli na malipo ya kweli, sio jina tu kwa barua.

Najua itakuwa ngumu kwake kama ndiye anatuma karo ya wadogo. Ongeeni wazi mama, mwambie nyumbani mtapunguza kumtegemea kwa huo mwaka, maana vijana wengi wanabaki kwa kazi yenye inalipa leo kwa sababu wanaogopa kutuambia.

Kufungua profaili ya Express Entry ni bure na anaifungua mwenyewe. Mtihani wa Kiingereza aurudie akiona anaweza kuongeza alama. Na mikoa ina programu zake, mkoa ukimteua anapata pointi 600 na hapo karibu amefika. Umri pia, pointi zinaanza kushuka mtu akifika 30. Akitaka mtu wa kumsaidia kwa malipo, awe wakili wa huko, ama mshauri mwenye jina lake liko kwa rejista ya CICC, chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji Canada, anatafuta jina kwa tovuti yao kabla hajatoa hata senti. Huyo wa Nakuru muulize namba yake ya rejista uone atajibu nini.

Mwalimu nimefanya kazi ya nyumba Qatar miaka nane, natoka Webuye. Nasikia kuna ukaazi wa kudumu sasa. Nikikaa hadi kumi nitapata? – Msomaji, Doha

Dada yangu, sitaki ukae kwa tumaini hilo. Sheria ipo, namba 10 ya 2018, lakini kwa mtu aliyezaliwa nje inataka miaka 20, na Kiarabu, na kipato cha kutosha, na kwa mwaka wanapewa watu wasiozidi 100 nchi nzima. Kwa mtu wa kazi ya nyumba hiyo sio njia ya kupangia maisha.

Panga kwa vile viko mkononi. Ukimaliza unadai kiinua mgongo, sio chini ya wiki tatu za mshahara kwa kila mwaka uliofanya, kwa hivyo weka nakala ya kila mkataba na kila malipo, piga picha utume kwa ndugu Webuye. Tangu 2020 unaweza kuhamia bosi mwingine bila barua ya huyu wa sasa, ukitoa notisi, kama kuna nyumba yenye mshahara mzuri. Na NSSF ya hapa Kenya unaweza kuchangia mwenyewe kwa hiari ukiwa huko huko, anza mwezi huu hata na kidogo, maana hiyo miaka nane hakuna mtu amekuwa akikuwekea ya uzeeni.