Samaki wa chumvi na samaki wa moshi: tofauti yao na namna ya kuwahifadhi

Ndugu, umeuliza kama ng'onda wa pwani na sangara wa moshi wa Kanda ya Ziwa ni kitu kimoja, na kama unaweza kuwahifadhi kwa namna moja. Hapana, tofauti ni kubwa.

Ng'onda hupasuliwa, huondolewa matumbo, hutiwa chumvi na kuanikwa juani. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama, hivyo bakteria waharibifu hukosa unyevu wa kuwawezesha kuzaliana. Nyama hiyo haijapikwa, na kwa sababu ya chumvi yake ng'onda, sawa na papa mkavu, hulowekwa na kubadilishiwa maji kabla ya kuingia kwenye mchuzi wa nazi.

Sangara wa moshi hukaa juu ya moto wa kuni hadi aive, huku joto likimkausha na moshi ukimwachia kemikali, zikiwamo fenoli, zinazozuia vijidudu na kuchelewesha kuharibika kwa mafuta. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, kwa maana rangi ya kahawia inayong'aa haithibitishi kwamba samaki amekauka ndani. Mbonyeze penye nyama nene, nyuma ya kichwa. Akiwa bado laini, usimfunge kwenye mfuko wa plastiki, kwani ataota ukungu. Mweke kwenye kikapu penye hewa, na umrudishe motoni akianza kupata unyevu. Ng'onda naye msimu wa mvua huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo jua likitoka umwanike tena.

Kwa mwenye shinikizo la damu, ningependekeza samaki wa moshi asiyetiwa chumvi, kwa kuwa kuloweka hakuondoi chumvi yote.